Fuata Waliogombana: Njia ya Kuingia Kwenye Sinthipopu ya Miaka ya 80

Tafuta kwenye simu yako nyimbo bora za miaka ya 80 na utaletewa zilezile ambazo redio za usiku zimezipiga mpaka zimechuja: a-ha, Duran Duran, Eurythmics, Soft Cell, halafu a-ha tena. Nyimbo zenyewe si mbaya, na nyingine ni nzuri kupita kiasi. Ubaya ni kwamba zimerundikwa tu. Unasikia moja ya bendi hii, moja ya bendi ile, na baada ya saa nzima bado hujui nani alitoka kwa nani, wala kwa nini zote zinatumia vinanda vya aina moja na bado kila moja ina roho yake.

Kwa anayetaka kuzama kwenye muziki huu, ushauri wangu ni mmoja na mengine yote yanatokana nao: fuata waliogombana. Sinthipopu ya Uingereza ilikuwa mtaa mdogo. Sinthesaiza, vinanda vya umeme vinavyounda sauti zake vyenyewe, zilikuwa ghali, wanaozijua wachache, na bendi nyingi zilikuwa za watu wawili, watatu au wanne. Mmoja akisusa, bendi inapasuka, na mpasuko wenyewe unausikia kwa masikio yako. Sikiliza albamu ya kabla ya ugomvi, kisha zile mbili za baada yake, utajua kila mmoja alikuwa amebeba nini ndani ya kundi.

Anza na mji wa Basildon, jimbo la Essex, mashariki ya London. Huko ndiko walikotoka vijana wanne waliojiita Depeche Mode, jina walilolichukua kwenye jarida la mitindo la Kifaransa: Vince Clarke, Martin Gore, Andy Fletcher na mwimbaji Dave Gahan. Mwaka 1981 walitoa albamu yao ya kwanza, Speak & Spell, chini ya Mute, kampuni ndogo ya Daniel Miller. Karibu nyimbo zote alitunga Clarke, Gore akaambulia mbili. Isikilize kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni albamu changamfu, nyepesi, ya vijana waliofurahi kugundua kwamba kidole kimoja kwenye kinanda kinatosha kuchezesha ukumbi. Kabla mwaka haujaisha, Clarke akabwaga manyanga.

Kwa hesabu ya kawaida bendi ilitakiwa kufa hapo, maana aliyeondoka ndiye mtunzi. Wewe mfuate kwanza aliyeondoka. Clarke aliungana na Alison Moyet, naye wa Basildon, mwanamke mwenye sauti nzito ya bluzi ambayo kwa mawazo ya wakati ule haikuwa na la kufanya karibu na mashine. Wakajiita Yazoo. Albamu yao Upstairs at Eric's ya 1982 ndiyo ningempa mtu anayeamini kwamba muziki wa sinthesaiza hauna damu. Weka "Only You" na uhesabu vilivyomo: noti chache zinazodunda kwa mpangilio, sauti moja juu yake, na vingine viwili vitatu vinavyoingia na kutoka bila kelele. Basi. Wimbo ulifika namba 2 Uingereza, na mwishoni mwa 1983 kundi la The Flying Pickets likauimba kwa midomo mitupu, bila chombo chochote, likakaa namba 1 wakati wa Krismasi. Kipimo hicho kitumie kwa kila wimbo wa enzi hizo: ondoa mashine zote kichwani mwako, uone kama kuna kinachobaki. Kwa Clarke hubaki karibu kila mara.

Yazoo nao hawakudumu, albamu mbili kwaheri. Clarke akafanya wimbo mmoja na mwimbaji Feargal Sharkey kwa jina la The Assembly, kisha mwaka 1985 akampata Andy Bell kupitia tangazo kwenye gazeti la muziki la Melody Maker, wakaanzisha Erasure. Hapo ndipo alipotulia. Wana albamu nyingi mno. Chukua The Innocents ya 1988, nyingine ziache zikusubiri.

Sasa rudi kwa waliobaki. Gore alishika kalamu bila kupenda wala kukataa, na A Broken Frame ya 1982 ni kazi ya mtu anayejifunza mbele ya watu. Iruke kwa sasa. Baada yake aliingia Alan Wilder, mpiga kinanda aliyesomea, na mambo yakabadilika. Kwenye Construction Time Again ya 1983 walikuwa wakizunguka na kinasa sauti, wanagonga vyuma na mabati, wanazirudisha sauti hizo studio na kuzipiga kama noti za kinanda. Unasikia karakana ndani ya wimbo wa mapenzi. Kutoka hapo nenda Some Great Reward ya 1984, kisha Black Celebration ya 1986, albamu ya giza ambayo bado naiona kubwa kuliko Violator ya 1990 inayosifiwa zaidi. Tarehe 18 Juni 1988 bendi hii iliyotakiwa kufa ilijaza uwanja wa Rose Bowl huko Pasadena, California, zaidi ya watu 60,000, na D. A. Pennebaker akaifanyia ziara ile filamu iitwayo 101. Itafute. Mashabiki waliosafiri kwa basi kuwafuata wanakula sehemu kubwa ya filamu, na wengine wanachekesha kuliko wanamuziki.

Jambo la kufanya: usiku mmoja sikiliza Speak & Spell halafu Black Celebration. Mwimbaji ni yuleyule. Utashangaa.

Ugomvi wa pili ulitokea Sheffield, mji wa viwanda vya chuma kaskazini mwa Uingereza. The Human League ilianza 1977 ikiwa na Martyn Ware na Ian Craig Marsh, wote waendesha kompyuta kwa ajira, na Philip Oakey aliyekuwa mhudumu wa hospitali. Muziki wao wa mwanzo ulikuwa wa baridi, wa watu waliosoma riwaya nyingi za anga za mbali. Travelogue ya 1980 inafaa kuisikiliza mara moja ili ujue walikotoka. Mwishoni mwa mwaka huo Ware na Marsh wakajiondoa, ziara ya Ulaya ikiwa mlangoni. Oakey akabaki na jina la bendi, na madeni yake, bila watu waliokuwa wakitengeneza muziki. Akaenda kwenye disko la mjini lililoitwa Crazy Daisy, akawaona wanafunzi wawili wa sekondari wakicheza, Susan Ann Sulley na Joanne Catherall, akawaalika waje kwenye ziara. Hawakuwa waimbaji.

Ungeulizwa uweke dau, ungeweka kwa Ware na Marsh, waliomchukua mwimbaji Glenn Gregory na kuunda Heaven 17. Mwaka uliofuata pande zote mbili zilitoa albamu, wiki chache tu zikitofautiana: Heaven 17 wakatoa Penthouse and Pavement, Human League wakatoa Dare. Ya kwanza ina akili zaidi, siasa zaidi, na besi tamu. Ya pili ndiyo iliyokwenda dunia nzima.

Kwa nini? Sikiliza "Don't You Want Me," lakini mara hii usiuachie ukupite kama unavyokupita kwenye harusi. Ubeti wa kwanza anaimba Oakey, mwanamume anayejigamba kwamba yeye ndiye aliyemtoa binti kwenye kazi ya kuhudumia wateja na kumfanya nyota. Nyuma yake kuna mashine ya ngoma ya Linn LM-1, ya kwanza kuuzwa ikiwa na sauti za ngoma halisi zilizorekodiwa, na noti za chini za sinthesaiza zinazotembea bila haraka. Halafu ubeti wa pili anaingia Sulley. Sauti yake haina mapambo, haina mafunzo, inayumba kidogo pembeni, na anamjibu bwana yule kama dada anavyomjibu konda aliyedai hajalipa nauli: kwa utulivu, kwa ufupi, na kwa kumaliza maneno. Mwimbaji hodari angeuharibu wimbo huu. Oakey mwenyewe hakuupenda. Aliuweka wa mwisho kwenye albamu na akapinga usitolewe kama singo. Desemba 1981 ukawa namba 1 Uingereza, na mwaka uliofuata ukawa namba 1 Marekani.

Prodyuza wa Dare alikuwa Martin Rushent, na hapa kuna zawadi ambayo wengi wanaikosa. Mwaka 1982 Rushent alizichukua nyimbo za albamu ileile, akaondoa sehemu kubwa ya uimbaji, akazikata, akazirefusha na kuziungaunga, ikatoka albamu ya pili iitwayo Love and Dancing, kwa jina la The League Unlimited Orchestra. Ukiwa unataka kujifunza kusikia mashine zinavyofanya kazi, hakuna darasa zuri kuliko kusikiliza wimbo mmoja kwenye Dare kisha uleule kwenye Love and Dancing. Na usimsahau Ware. Mwaka 1983 ndiye aliyeshiriki kumtengenezea Tina Turner "Let's Stay Together," wimbo wa Al Green, uliomrudisha mama yule kwenye chati na kufungua njia ya albamu yake ya Private Dancer. Kwa hiyo huenda tayari unamjua Ware bila kujua kwamba unamjua.

Mpasuko wa tatu si ugomvi, ni msiba. Mei 1980 Ian Curtis wa Joy Division, kundi la Manchester, alijiua siku moja kabla bendi haijasafiri kwenda Marekani. Wenzake watatu, Bernard Sumner, Peter Hook na Stephen Morris, wakamchukua Gillian Gilbert na kuanza upya kwa jina la New Order. Albamu ya Movement ya 1981 ni ya watu ambao bado wako matangani. Unaweza kuiheshimu bila kuipenda. Kisha Machi 1983 wakatoa "Blue Monday," dakika saba na nusu, kwenye santuri ya inchi 12 tu.

Usikilize huu kwa spika za masikioni, si kwa simu mkononi. Ngoma ya mashine ya Oberheim DMX inaanza peke yake: mapigo mazito yaliyonyooka, halafu ghafla mfululizo wa mapigo ya haraka kama imejikwaa, kisha inarudi kwenye mstari. Inafuata besi ya sinthesaiza. Baadaye linaingia gitaa la besi la Hook, analolipigia juu, karibu na mahali pa gitaa la kawaida. Zinapita dakika mbili na zaidi kabla mtu hajaimba, na Sumner akiimba anaimba kama anayesoma barua. Kuna melodi ya kinanda inayoachana kidogo na mdundo, na kwa maelezo ya bendi ni kwa sababu Gilbert aliruka noti moja alipokuwa akiingiza mfululizo kwenye mashine. Wakaiacha. Wimbo huu ndio ulionunuliwa zaidi kuliko santuri yoyote ya inchi 12 Uingereza. Jalada lake, kazi ya Peter Saville, limekatwa kwa umbo la diski ya kompyuta, bila jina la bendi wala la wimbo mbele.

Angalizo la mnunuzi: "Blue Monday" haukuwa kwenye albamu ya Power, Corruption & Lies kama ilivyotoka Uingereza mwaka uleule. Upo kwenye mkusanyiko wa Substance wa 1987, ambao ni mahali pazuri pa kuanzia, ila "Temptation" na "Confusion" zilizomo humo zilirekodiwa upya kwa ajili ya mkusanyiko huo. "Temptation" ya 1982 itafute kivyake. Ina pumzi ambayo ile mpya haina.

Nikishagusa hilo, niseme kuhusu matoleo, kwa sababu ndiko bando lako linakoungulia. Bendi nyingi za enzi zile, zikiwa hazimiliki rekodi zao za zamani, ziliimba upya nyimbo zao miaka ya baadaye na kuziuza kwa jina lilelile. Mikusanyiko ya bei nafuu imejaa nyimbo hizo. Kabla hujapakua, tazama mwaka na kampuni. Wimbo wa 1982 ulioandikwa mwaka 2009 chini ya kampuni usiyoijua, ambayo haijatoa kitu kingine cha bendi hiyo, una kila dalili ya kuwa kopi ya uzeeni. Dalili nyingine ni ngoma: zikisikika safi mno na nene mno, kama za studio ya juzi, achana nayo. Neno kwamba wimbo umesafishwa upya halina ubaya wowote, hiyo ni rekodi ileile iliyoguswa sauti tu, ingawa wasafishaji wengine hupandisha kelele mpaka vitu vyote vinapiga kifua kwa nguvu sawa.

Ukiona wimbo una matoleo mawili halali, yasikilize yote. "Take On Me" wa a-ha, vijana watatu wa Norway, ulitoka kwanza 1984 na ukaanguka. Ukarekodiwa upya na Alan Tarney, ukatengenezewa video ya michoro ya penseli iliyoongozwa na Steve Barron, na mwaka 1985 ukawa namba 1 Marekani. Watu husema ni video. Sikiliza toleo la kwanza uone kama ni video peke yake. Pet Shop Boys nao walitoa "West End Girls" mwaka 1984 na prodyuza wa New York Bobby Orlando, kisha wakaurudia na Stephen Hague, na ule wa pili ndio uliokuwa namba 1 Uingereza Januari 1986. Ule wa kwanza unakimbia, wa pili unatembea usiku mikono mfukoni.

Kuhusu vifaa vya kusikilizia: sabufa la sebuleni si rafiki wa muziki huu. Limetengenezwa kwa nyimbo za leo ambazo besi ndiyo nyumba. Sinthipopu ya 1981 iliwekwa uzito katikati, kwa ajili ya redio za magari na vispika vidogo, na ukiipitisha kwenye sabufa unapata mvumo chini, ukali juu, na katikati kunakobeba wimbo kunapotea. Punguza besi mpaka karibu na sifuri kisha iongeze kidogokidogo. Spika za masikioni za waya za bei ya kawaida zinatosha kabisa.

Mashine nazo zitakusaidia kukisia mwaka. Nyingi za kabla ya 1983, kama Minimoog, hazikuja na sauti za kuchagua. Mpigaji alizungusha vitufe mpaka akapata yake, na akiipoteza imepotea. Gary Numan aliikuta Minimoog imeachwa studio alikokwenda kurekodi na bendi yake ya magitaa, akaigusa, na mwaka 1979 akawa na nyimbo mbili namba 1 Uingereza. Mwaka 1983 zikaja Yamaha DX7, yenye sauti za kengele na kioo zilizokwisha kutengenezwa kiwandani, na MIDI, lugha ya kuunganisha vinanda vya makampuni tofauti. Kuanzia hapo mambo yakawa rahisi, na ladha yangu inaniambia kwamba urahisi ule ulichukua kitu. Ukiwa na muda mchache, baki kati ya 1979 na 1983. Wapenzi wa Tears for Fears watanibishia na wana haki: Songs from the Big Chair ni ya 1985.

Ya mizizi nitapita haraka, kwa kuwa ukishakolea utaifikia mwenyewe. Kraftwerk wa Düsseldorf, anza na The Man-Machine ya 1978. Donna Summer na Giorgio Moroder walifanya "I Feel Love" mjini Munich mwaka 1977. Yellow Magic Orchestra wa Tokyo, anza na Solid State Survivor ya 1979. Duran Duran huhitaji nikuelekeze. Msikilize John Taylor kwenye besi, mengine ni mashati.

Na kabla hujasema muziki huu ni wa wazungu na theluji yao, kuna njia inayokuja huku. Talking Heads wa New York waliitengeneza Remain in Light mwaka 1980 na Brian Eno wakiwa wamemezwa na Fela Kuti, na kampuni iliyoanzishwa na mwimbaji wao David Byrne, Luaka Bop, ndiyo iliyokusanya upya mwaka 2013 nyimbo za William Onyeabor, Mnigeria aliyekuwa akirekodi na sinthesaiza zake mwenyewe tangu miaka ya 70. Karibu zaidi na sisi ni Noir et Blanc ya 1983, ambayo mwimbaji Mkongo Bony Bikaye aliifanya na Hector Zazou na wapiga sinthesaiza wawili wa Kifaransa, ikatolewa na Crammed Discs ya Brussels. Mashine zinachemka, yeye anaimba juu yake bila kuzionea haya. Kampuni hiyohiyo mwaka 2012 ilitoa Bongo Hotheads ya Jagwa Music, wana mchiriku wa Dar es Salaam, wenye Casio ndogo kuukuu iliyopitishwa kwenye amplifaya mpaka inalia kwa hasira. Zipige mbili hizo mfululizo, Bikaye kwanza, na sabufa kwa Jagwa unaruhusiwa.